Treni iliyoishia barabara ya 95

Tarehe 3 Oktoba 2025 ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Marekani ilitangaza kuzuia dola bilioni 2.1 zilizotengewa reli za Chicago. Sababu iliyotolewa ni kwamba serikali ilitaka kuhakikisha fedha hizo hazigawiwi kwa makandarasi kwa kuangalia rangi. Miradi miwili iliguswa. Mmoja ni ukarabati wa Red Line na Purple Line, njia mbili za treni ya mji, upande wa kaskazini, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imeshajengwa. Wa pili ni kuirefusha Red Line upande wa kusini, ambao ndiyo kwanza ulikuwa unajiandaa kuanza. Tangu siku hiyo habari imesimuliwa kama ugomvi wa vyama: kwa mmoja, Rais wa Republican anaukomoa mji wa Democrat, kwa mwingine, Rais anabana mji unaofuja. Naona masimulizi yote mawili yanapita kando ya jambo lenyewe. Zuio la Oktoba ni tukio la karibuni tu katika historia ya zaidi ya nusu karne, ambamo Chicago yenyewe, ikiwa chini ya mameya wa Democrat bila kukatika tangu 1931, iliamua mitaa ipi ihudumiwe kama mji na ipi isubiri. Na hoja inayorudiwa sasa, kwamba kusini kule watu wamebaki wachache mno kustahili treni, inachukua matokeo ya uamuzi huo na kuyafanya sababu.

Asiyeijua Chicago aanze na hesabu ya barabara zake. Mji umepangwa kwa mistari iliyonyooka, na sifuri yake iko pale State Street inapokutana na Madison, katikati ya jiji. Ukielekea kusini barabara zinahesabiwa kwa namba: ya 35 ulipo uwanja wa besiboli wa White Sox, ya 63 inayopita Englewood na Woodlawn, ya 95, mpaka ya 138 ambako mji unaishia. Red Line inaanzia Howard, kwenye mpaka wa kaskazini, inaukata mji wote na kufanya kazi saa 24, kisha inakoma barabara ya 95. Zaidi ya hapo kuna kilomita kama nane na nusu ambazo ni Chicago vilevile: wakazi wake wanalipa kodi ya majengo ya Chicago, wanamchagua diwani wa Chicago, watoto wao wanasoma shule za Chicago. Wenyeji wanaiita sehemu hiyo kwa namba za barabara zake, yaani mitaa ya Mamia. Ndani yake wamo Roseland, Pullman, West Pullman na Riverdale.

Majina hayo yana kazi katika uchambuzi huu. Miaka ya 1920 wanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago waliugawa mji katika maeneo 75. Baadaye yakawa 77, pale O'Hare ilipoongezwa mjini kwa ajili ya uwanja wa ndege, na Edgewater ilipotenganishwa na Uptown mwaka 1980. Kata 50 za madiwani huchorwa upya kila baada ya sensa, na kila mara kwa vuta nikuvute, lakini mistari ya wanasosholojia imebaki karibu ilivyokuwa. Yapo mengi ya kuikosoa: haifuati namna wakazi wenyewe wanavyoitaja mitaa yao, na mahali pengine inakata jamii moja vipande viwili. Hata hivyo inatupa kitu ambacho miji michache inacho, yaani uwezo wa kukitazama kipande kilekile cha ardhi kwa miaka mia na kuona nani aliingia, nani alitoka, na lini.

Tuitazame basi Roseland. Ilianza mwaka 1849 kama kijiji cha wakulima Waholanzi. Mwaka 1880 George Pullman alianza kujenga jirani yake kiwanda cha mabehewa pamoja na mji wa wafanyakazi wake, mji ambao mgomo wake wa 1894 ulisimamisha treni katika sehemu kubwa ya nchi. Wahudumu Weusi wa mabehewa hayo walijiunga katika chama kilichoongozwa na A. Philip Randolph tangu 1925, na mwaka 1937 wakaibana kampuni mpaka ikatia saini mkataba. Lakini kuishi Roseland lilikuwa jambo jingine. Hadi katikati ya miaka ya 1960 ulikuwa kwa sehemu kubwa mtaa wa Wazungu, na kufikia 1980 karibu wakazi wake wote walikuwa Weusi. Mabadiliko ya kasi hiyo hayaelezwi kwa kusema watu hupenda kukaa na wenzao. Katika mitaa mingi ya kusini na magharibi mwa Chicago madalali walipita nyumba kwa nyumba wakiwatisha Wazungu wauze haraka kabla bei haijaanguka, kisha nyumba zilezile wakawauzia Weusi kwa bei kubwa. Mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali, iliyoanzishwa 1934, ilikuwa imetolewa kwa miongo mitatu kwa kufuata ramani zilizohesabu mtaa wenye Weusi kuwa hatari kwa benki. Familia za Weusi zilizofika Roseland zilikuwa zikitafuta kile kile Waholanzi walichokitafuta: nyumba ya matofali, ua wa nyuma, na kazi ya kiwandani umbali wa kutembea.

Walifika wakati kazi zenyewe zinaanza kuondoka. Kiwanda cha chuma cha Wisconsin Steel kilifunga milango Machi 1980. Kiwanda cha mabehewa cha Pullman kilifuata mwanzoni mwa muongo huohuo, na kiwanda kikubwa cha chuma cha South Works, kando ya ziwa, kikazimwa 1992. Mtaa uliojengwa kwa watu wanaokwenda kazini kwa miguu ukajikuta kazi ziko katikati ya jiji, kwenye viwanja vya ndege, na kwenye vitongoji vya kaskazini na magharibi. Roseland ilikuwa na watu zaidi ya 60,000 mwaka 1980. Sensa ya 2020 iliwakuta chini ya 40,000.

Sasa iweke treni kando ya tarehe hizo. Reli inayofika barabara ya 95, iliyojengwa katikati ya barabara kuu ya Dan Ryan, ilifunguliwa Septemba 1969. Wazee wa Mamia wanaikumbuka ahadi ya Meya Richard J. Daley ya wakati huo, kwamba haitaishia hapo, itasogezwa mpaka barabara ya 130. Ahadi hiyo ilikuja kabla viwanda havijafungwa. Kama ingetimizwa ndani ya miaka kumi, waliopoteza kazi Wisconsin Steel wangekuwa na njia ya moja kwa moja ya kufika kwenye ajira nyingine bila kuhama. Sidai kwamba reli peke yake ingeizuia Roseland isipungue. Englewood ilikuwa na reli, na wakazi wake walishuka kutoka kama 97,000 mwaka 1960 hadi kama 24,000 mwaka 2020. Ninachodai ni kwamba mtaa uliopoteza kazi zake zote za karibu na kunyimwa usafiri wa kufikia za mbali uliachiwa njia moja tu, kuhama, na waliohama hawawezi leo kuhesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya waliobaki.

Nimewahi kuipanda Red Line kutoka Howard hadi mwisho. Kule Howard, kwenye ngazi za kituo, nilisikia Kiswahili cha Kongo kutoka kwa akina mama wawili waliobeba mifuko ya sokoni. Nilielewa kwa nini wako hapo. Wakimbizi wengi wa Kongo walioletwa Chicago wameanzia upande huo wa Rogers Park, West Ridge na Uptown, kwenye nyumba za ghorofa zilizo karibu na treni na mabasi, kwa sababu mgeni asiye na gari hana pa kuanzia pengine. Saa moja na zaidi baadaye, kwenye barabara ya 95, behewa zima lilishuka na watu wakaanza kukimbia. Walikuwa wanawahi mabasi. Anayekwenda Altgeld Gardens, pale barabara ya 130, alikuwa na basi namba 34, na likimwacha anasimama na kusubiri jingine.

Altgeld Gardens inahitaji aya yake, maana hapo ndipo neno pembezoni linapata maana kamili. Nyumba hizi za umma zilimalizwa 1945 kwa ajili ya wafanyakazi Weusi wa viwanda vya vita na askari waliorudi. Zilijengwa katikati ya madampo, viwanda na mitambo ya majitaka. Hazel Johnson, mama aliyeishi hapo na aliyefiwa na mumewe kwa saratani ya mapafu, alianzisha mwaka 1979 kikundi cha wakazi cha kupigania hewa na maji safi, na leo anatajwa kama mama wa harakati za haki ya mazingira Marekani. Barack Obama kijana alikuja hapo katikati ya miaka ya 1980 kama mratibu wa jamii, na moja ya vita vyake vya kwanza ilikuwa asbesto ndani ya nyumba hizo. Mahali palipotoa watu hao wawili pamebaki bila kituo cha treni ya mji kwa miaka 80.

Mpango wenyewe ni huu: kilomita tisa hivi za reli, vituo vinne kwenye barabara ya 103, ya 111, Michigan Avenue na ya 130, kwa dola bilioni 5.75. Desemba 2022 baraza la jiji lilipitisha utaratibu wa kutenga ongezeko la kodi ya majengo kando ya Red Line iliyopo, kuanzia Madison hadi Pershing, yaani barabara ya 39, ili lilipie sehemu ya kazi. Kwa hiyo thamani inayopanda katikati ya jiji ingesaidia kujenga kusini. Januari 2025 serikali kuu ikatia saini mkataba wa karibu dola bilioni mbili. Miezi tisa baadaye likaja zuio.

Wanaopinga mradi hawako sawa, na ni kosa kuwajibu kwa pamoja. Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: watu ni wachache, kwa nini kuwajengea? Ukweli ni kwamba Chicago haijawahi kuutumia mzani huo kila mahali. Mei 2012 jiji lilifungua kituo cha Morgan, kwenye Green Line na Pink Line, jirani na Fulton Market. Wakati huo mtaa ule ulikuwa wa wauza nyama wa jumla na maghala, wenye wakazi wachache ukilinganisha na mitaa inayouzunguka. Kituo kilijengwa kwa imani kwamba watu watakuja. Miaka michache baadaye Google wakahamia, mwaka 2018 McDonald's wakaleta makao yao makuu, na leo minara imesimama yalipokuwa maghala. Ni kweli kwamba Morgan ilikuwa kituo kimoja kwenye reli iliyokuwepo tayari, na gharama yake hailinganishwi na kilomita tisa za reli mpya. Mimi nalinganisha kanuni, na kanuni iliyotumika pale ilikuwa kujengea watu watakaokuja. Kule Roseland kanuni ikageuka, mtaa ukaambiwa uoneshe kwanza watu ulio nao. Na kabla ya Morgan, chini ya jengo la Block 37 katikati ya jiji, zaidi ya dola milioni 200 zilizama kwenye kituo cha treni ya haraka ya kwenda viwanja vya ndege. Kazi ilisimamishwa 2008, na hakuna abiria aliyewahi kukitumia kituo hicho. Fedha zilipatikana kwa abiria wa kufikirika.

Hoja ya pili ina uzito, na nimeitafakari kwa muda mrefu. Treni nyingine inapita kule tayari. Metra Electric, reli ya umeme inayotumika tangu 1926, ina vituo upande wa Roseland na Pullman, ikiwemo barabara ya 111 na Kensington kwenye ya 115, na inafika katikati ya jiji kwa mwendo mzuri. Wataalamu kadhaa wa usafiri wanauliza kwa nini mabilioni yote hayo yajenge reli mpya ilhali sehemu ndogo ya fedha hizo ingeweza kuleta treni nyingi zaidi kwenye reli iliyopo, kwa nauli ya basi. Swali hilo ni halali. Kaunti ya Cook iliwahi kulijaribu kwa kiasi mwaka 2021, ilipoanza kugharamia punguzo la nauli ya Metra kwa wakazi wa kusini. Tatizo ni kwamba Metra, inayoendesha treni za vitongoji, na CTA, inayoendesha Red Line na mabasi ya mji, ni mashirika mawili yenye bodi mbili na nauli mbili, na kwa miongo mingi hakuna aliyeweza kuyalazimisha yashirikiane. Mwishoni mwa 2025 jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kuunda mamlaka mpya ya usafiri wa kaskazini mwa jimbo, yenye nguvu zaidi juu ya ratiba na nauli. Mamlaka hiyo ikifanya kazi yake, hoja ya Metra itapata miguu kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo naona haitoshi kuuondoa mradi wa Red Line, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni saa. Metra ni reli iliyopangwa kwa watu wa ofisini, na Red Line haizimi usiku. Anayesafisha hoteli usiku, mhudumu wa hospitali anayetoka zamu alfajiri, mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege, hao ndio wakazi wa Mamia, na ratiba ya Metra haikuwahi kuwahesabu. Ya pili ni Altgeld Gardens. Vituo vya Metra haviko hapo, na hakuna punguzo la nauli litakalovisogeza.

Hoja ya tatu inatoka kwa wakazi wenyewe, na hii inaniuma zaidi kuijibu. Baadhi wanaogopa kwamba treni ikija, na wao watahamishwa. Kuna nyumba zitakazobomolewa kupisha reli, na wenye nyumba hizo wana haki ya kulipwa kwa thamani inayowawezesha kununua nyingine ndani ya mji. Zaidi ya hapo, wamewaona wenzao wa Logan Square na Humboldt Park, ambako njia ya watembea kwa miguu ya 606 ilipofunguliwa 2015 juu ya reli ya zamani, kodi za pango zilipanda na familia za Walatino zikaondoka. Pilsen, mtaa uliopewa jina na Wacheki na kufanywa nyumbani na Wameksiko, umepitia hayohayo. Lakini ipo pia historia ya upande wa pili, na haisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1997 reli ya juu iliyopita barabara ya 63 mashariki mwa Cottage Grove, huko Woodlawn, ilivunjwa. Viongozi wa mtaa, Askofu Arthur Brazier akiwa mbele, ndio walioiomba ivunjwe, wakiamini kivuli cha vyuma ndicho kilichoua biashara na kwamba mwanga ukiingia wawekezaji watafuata. Waliamini kwa nia njema. Kwa miaka mingi baada ya hapo viwanja vya barabara ya 63 viliendelea kuwa vitupu, na sasa Kituo cha Rais Obama kimejengwa Jackson Park, mwendo mfupi kutoka reli hiyo ilipopita, bila treni hiyo.

Nikizipima Logan Square na Woodlawn pamoja, naona hofu ya kupanda kwa kodi ni ya kweli pale ambapo nyumba ni chache na watu wanagombania. Roseland ina hali tofauti: viwanja vitupu ni vingi, nyumba zilizofungwa ni nyingi, na tishio lililowaondoa watu kwa miaka 40 limekuwa kukosa kazi na huduma, wala halikuwa bei. Jiji linaweza kuvishika viwanja hivyo sasa, kabla bei haijasogea, na kuviweka mikononi mwa wakazi. Lilichelewa kufanya hivyo kando ya 606. Hapa bado lina muda.

Kuna jambo kubwa zaidi linalotegemea namna tunavyoisoma ramani hii. Weusi wa Chicago walikaribia milioni 1.2 mwaka 1980. Mwaka 2020 walikuwa chini ya 800,000, na kwa mara ya kwanza Walatino wakawazidi na kuwa kundi la pili kwa ukubwa mjini. Wengi walikwenda vitongoji vya kusini, Indiana, Atlanta na Texas. Upungufu huo umekuwa hoja ya karibu kila uamuzi uliofuata. Mwaka 2013 jiji lilifunga shule 50 kwa mara moja kwa kuwa madarasa yalikuwa matupu, nyingi zikiwa kwenye mitaa ya Weusi ya kusini na magharibi. Kila huduma iliyoondolewa iliipa familia inayofuata sababu ya kufunga mizigo, na hesabu ya mwaka uliofuata ikashuka tena. Mipango ya usafiri inayoanza kwa kuhesabu waliopo leo itaendelea kuuandama mkondo huo kuelekea chini. Upande wa kaskazini vituo vya Lawrence, Argyle, Berwyn na Bryn Mawr vilibomolewa na kujengwa upya, vikafunguliwa Julai 2025. Sina kinyongo navyo, vilikuwa vimechoka na watu wanavihitaji. Lakini mkataba wake wa serikali kuu ulisainiwa Januari 2017, na ule wa kusini, ulioahidiwa 1969, ulingoja hadi 2025 na kukutwa na serikali nyingine mlangoni. Aliyepanga foleni hiyo ni Chicago.

Ndiyo maana sitaki Meya Brandon Johnson na baraza lake wapewe nafasi ya kujificha nyuma ya Washington. Wana haki ya kuzidai fedha hizo, na wazidai kwa nguvu zao zote. Wakati huohuo basi namba 34 linaweza kuongezwa kesho. Nauli ya Metra Electric ndani ya mipaka ya mji inaweza kufanywa sawa na ya CTA, na tiketi moja ikatumika kwenye zote mbili, kupitia mamlaka mpya ambayo jimbo limeshaipitisha. Viwanja vya umma kuzunguka barabara ya 111 na Michigan Avenue vinaweza kuanza kugawiwa kwa wakazi mwaka huu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri saini ya Rais.